Mama Mia Tatu na Kumi na Wawili

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nazifupisha, gari la vifurushi linaondoka saa nane na mimi bado sijafunga kamba. Humo ndani utakuta kitabu. Ndiyo, kile kile nilichokipigia kelele mwaka mzima! Bado ni nakala ya mfano, nimeishona mwenyewe kwa uzi, kwa hiyo waambie watoto wako wa chekechea wasiivute kama kamba ya kurukia.

Mhariri alinipa kazi ambayo wachoraji wawili waliikimbia: kuwaeleza watoto wadogo mageuko ya viumbe, yaani jinsi wanyama wanavyobadilika kizazi hadi kizazi mpaka vitukuu hawafanani tena na waliowatangulia. Nimemchagua nyangumi. Mababu zake walitembea nchi kavu kwa miguu minne, na ndugu yake wa karibu aliye hai leo ni kiboko. Niambie ni mtoto gani atasikia hayo akatulia kwenye kiti.

Sasa sikiliza nilivyofanya, na unisifu. Kila kurasa mbili zinazotazamana zina mama na mtoto wake. Ukifunua, yule mtoto ndiye amekuwa mama, naye ana mtoto wake. Kurasa kumi na sita, mama wanane. Wa kwanza anatembea matopeni, wa mwisho ni nyangumi mzima. Maneno karibu hakuna. Mhariri alipoona aligonga meza kwa furaha.

Wasomee darasa lako, na mpwa wangu Chiriku umsomee nyumbani. Mwisho wa Aprili kitabu kinaingia mtamboni kuchapwa. Halafu uniandikie, usipige simu. Unajua kigugumizi changu: kwenye simu tunaishia salamu, kwenye karatasi nasema mfululizo kama watu wengine.

Msalimie shemeji na mafriji yake mabovu.

Kaka yako, mchafuzi wa karatasi

*

13 Machi

Kaka,

Usivimbe kichwa, lakini picha ni nzuri mno. Yule mama wa pili, aliyelowa mpaka masharubu, kuna mtoto alimbusu ukurasani na mate yamebaki. Nimewasomea mara tatu wiki hii, na kila nikifika kwa nyangumi wanapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili anakuja kuchungulia.

Ila kuna jambo. Kuna mtoto mmoja, wa kike, mama yake ni mjamzito. Kabla ya kitabu alikuwa akilala na shavu juu ya tumbo la mama yake, akiliimbia na kulipa habari za siku nzima. Tangu amesomewa kitabu hataki kabisa kuligusa. Mama yake akimwita, anasimama mbali, mikono nyuma. Juzi alimuuliza, "Una uhakika humo ndani ni mtu?"

Mama yake alicheka kwanza. Sasa hacheki tena. Mtoto akizaliwa na dada yake hamtaki, nyumba hiyo itakaaje? Naomba kitabu kisiingie mtamboni kwanza, mpaka tujue tatizo liko wapi.

Shemeji yako anakusalimu. Anasema mabovu ni yale ya wateja, la kwake zima.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Nilijua tu! Hata mwezi haujaisha, wazazi wameshaanza. Leo ni mtoto anaogopa, kesho mtaniambia nimesema babu wa fulani alikuwa na mkia. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, najua mtu mzima akishindwa kusema "mimi sikitaki kitabu hiki" anamsukuma mtoto mbele.

Wewe hukuniambia hata ukurasa gani una kosa. Nimeipitia tena mifupa yote kwenye vitabu vya wataalamu, mkia kwa mkia, na sikuona nilipoteleza. Kitabu kinakwenda mtamboni. Huyo mama kama ana neno, achukue kalamu aniambie mwenyewe, asikutume wewe.

Samahani kwa ukali. Lakini nimekasirika.

Kaka yako

*

27 Machi

Kaka,

Huyo mama ni mimi.

Haya, nimechukua kalamu. Nina miezi sita. Mtoto anayesimama mbali mikono nyuma ni Chiriku wako.

Sikukwambia kwa sababu mara ya mwisho nilikwambia mapema. Ukatuma michoro ya kubandika ukutani, twiga na tausi na sijui nini, ikafika siku mbili baada ya sisi kurudi kutoka hospitali mikono mitupu. Iko juu ya kabati mpaka leo, haijafunguliwa. Safari hii nilitaka ujue mtoto akishalia. Hata majirani nimewaficha kwa magauni mapana, ingawa sasa nadhani wananistahi tu.

Sasa kosa lako, kwa kuwa umeliomba. Fungua ukurasa wa tano na wa sita. Mama ana miguu minne, yenye vidole. Mtoto aliye kando yake ana mapezi. Ulitaka kuonyesha miaka mingi ilivyopita, nami nilielewa hivyo, kwa sababu ni mtu mzima. Chiriku ana miaka mitano na nusu. Yeye ameona mnyama wa nchi kavu amelala usiku, asubuhi amezaa samaki. Kisha akanitazama tumbo.

Hana kelele, na hilo ndilo linaniumiza. Wewe unamjua, mtoto huyu haongei bali anamwaga. Sasa amekuwa mpole kama mgeni. Na kila siku akitoka shule anachota maji kwa kikombe, safari hata ishirini, anajaza lile beseni la kuogea watoto chini ya dirisha la chumba chetu. Mimi nikidhani anacheza nikayamwaga. Akayajaza tena. Nikamuuliza ya nini. "Ya mtoto. Kama akihitaji."

Sina hasira nawe. Nimechoka tu.

Mdogo wako

*

6 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Kwanza: miezi sita! Nimecheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akafungua dirisha. Sitatuma kitu. Sitachora hata sisimizi mpaka useme. Pili: nisamehe kwa ile barua ya ukali. Mtu hujiona ana akili, kumbe anagombana na mtoto wa miaka mitano, na mtoto ndiye mwenye haki.

Maana ana haki. Nimekifungua ukurasa wa tano, nikajaribu kutazama kama sijui chochote. Ni kweli, huyo mama kazaa mzuka. Kosa lilikuja hivi: mhariri alisema kurasa kumi na sita tu, mimi nikahesabu wanyama tunaowajua kwa mifupa, wakatoka wanane, nikawaunganisha kwa mama na mtoto kwa sababu mama na mtoto hufanya kitabu kiuzike. Mamilioni ya mama nimewafanya wanane. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

Jana nilikwenda kwa mhariri kuomba kurasa zaidi. Akasema hakuna, na kwamba watoto hawatatambua. Nikamwambia mmoja ameshatambua. Kigugumizi kilinishika nikalirudia neno hilo "mmoja" mara sita, naye akadhani namfokea. Basi nimekiondoa kitabu. Hakiendi mtamboni. Kazi nyingine kwake sijui kama nitaipata, lakini hilo tuliache.

Lile beseni, hata hivyo, linanitatiza. Mtoto akiogopa kitu hukikimbia, hakitayarishii mahali pa kulala. Kaa naye umuulize taratibu, na umwache amalize. Mimi nilipokuwa mdogo watu walikuwa wananimalizia maneno yangu, na mara zote walikosea.

Kaka yako

*

18 Aprili

Kaka,

Nimemuuliza.

Ilikuwa jioni, baba yake yuko mezani anafungua kidude cha friji, sisi tuko chini tunakunja nguo. Nikasema, "Chiriku, kwa nini unafikiri mtoto atahitaji maji?" Akakunja soksi, akaikunjua, akaikunja tena. Nikauma ulimi nisimmalizie. Mwisho akasema, "Ili huyu msimrudishe. Yule wa kwanza mlimrudisha majini kwa sababu hapakuwa na maji hapa."

Kaka, nilishika tama. Miaka miwili iliyopita tulimwambia mtoto "amekwenda". Neno moja tu. Tukakubaliana, mimi na baba yake, kutomtaja tena asije akaumia. Naye akakaa na hilo "amekwenda" miaka miwili, hajui amekwenda wapi, mpaka mjomba wake akamletea kitabu chenye picha.

Nikajikaza nikamwambia yote. Kwamba mdogo wake alikuwa wa kiume, moyo wake ulikuwa dhaifu, akafa siku ile ile aliyozaliwa, akazikwa. Kwamba hakurudishwa popote na mtu yeyote. Kwamba alikuwa mtu. Akasikiliza, halafu akauliza, "Alikuwaje?"

Mimi walinifanyia upasuaji, nilikuwa nimelala usingizi wa dawa, na nilipoamka yote yalikuwa yamekwisha. Sikumwona. Aliyembeba ni baba yake, na baba yake hajawahi kunisimulia, wala mimi sijawahi kumuuliza. Nikamwambia Chiriku kwamba sikumwona. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wakisema mbwa kala daftari. "Kama hukumwona, umejuaje ni mtu?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshainuka, bisibisi mkononi, akatoka kwenda uani kukagua friji ambalo alilimaliza juzi.

Beseni bado linajazwa. Nimeacha kulimwaga.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Mzigo huu mzito ubebwe na mtu, usiubebe mwenyewe. Ni karatasi, roli moja. Kiwandani tunakochapia vitabu huwa wanatupa mabaki ya mwisho wa roli. Fundi wa mtambo alinipa moja akidhani nataka kufungia vyombo.

Humo mna mama mia tatu na kumi na wawili. Nimechora kumi kwa siku, mwezi mzima na zaidi, mpaka kidole gumba kimevimba nashindwa kushika kijiko. Wamepangana mstari mmoja, kila mmoja na mtoto wake ubavuni, urefu wake unapita mita ishirini. Wa kwanza ni yule wa matopeni, wa mwisho ni nyangumi. Ila safari hii kila mtoto nimemchora kwa kumtazama mama yake, si kwa kumtazama nyangumi. Pua imerudi nyuma uzi mmoja tu. Mguu umefupika kiasi cha ncha ya penseli. Kuna siku nilichora kutwa nzima nikidhani sibadilishi chochote.

Mwambie ukweli, usimfiche: hata hapa nimewaruka wengi sana, maana wa kweli walikuwa mamilioni, karatasi yote ya dunia isingetosha. Lakini nimewaruka kwa hatua ndogo, jicho lisishtuke.

Itandaze mahali parefu. Usimweleze kitu. Mpe kazi moja tu: amtafute mama aliyezaa mtoto asiye wake. Akimpata aweke alama, nami nitakuja kwa miguu yangu kuomba radhi mbele ya darasa zima.

Kaka yako, mwenye kidole kimoja

*

17 Mei

Kaka,

Tuliitandaza Jumamosi kwenye baraza ya shule, shule ikiwa tupu. Shemeji yako aliibeba begani, akaikunjua, akaiwekea mawe pembeni upepo usiichukue. Ilianzia mlango wa ofisi ikafika vyooni. Nikampa Chiriku kibanio cha nguo kiwe alama yake, nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika, nikakaa kwenye benchi.

Alianza mbio mbio, akaenda moja kwa moja katikati, akabana kibanio. Akatazama vizuri. Akakibandua, akasogea mbele. Akabana, akabandua. Kisha akalala kifudifudi, akaanza kutambaa kutoka mwanzo, pua karibu inagusa karatasi, anamwonyesha mama kwa kidole, anamwonyesha mtoto, mama, mtoto. Saa nzima na zaidi. Baba yake alikuwa anatembea kando yake, anasogeza mawe. Magoti ya suruali ya mtoto, usiseme!

Alipofika kwa nyangumi akarudi kinyumenyume mpaka mwanzo, kuhakikisha kwamba hukumdanganya. Bahati yako hukutia chumvi. Halafu akaja kwenye benchi akanipa kibanio. "Hakuna," akasema. "Kila mmoja kamzaa wa kwake." Kisha akaongeza, "Basi na yule wa kwanza alikuwa mtu tu."

Nikasema ndiyo. Baba yake alikuwa ameinama anakusanya mawe, akabaki ameinama hivyo hivyo muda mrefu.

Chiriku akalaza shavu lake kwenye tumbo langu. Miezi miwili na zaidi hajaligusa, kaka! Akaanza kumsimulia mtoto habari za Jumatatu mpaka Ijumaa, hakuruka siku. Nililia, yeye akaniambia nisitikisike, anasikiliza.

Beseni limerudi bafuni. Sasa aliyebaki na woga ni mimi. Usiku naweka mkono, nahesabu mateke. Mtoto huyu akitoka mzima nitalala wiki.

Jumatatu nililipeleka roli darasani. Wote ishirini na sita walitambaa. Hakuna aliyempata.

Mdogo wako

*

2 Julai

Mdogo wangu,

Wiki sita bila hata mstari. Nakwenda kwa wenye gari la vifurushi kila siku ya tatu, sasa wakiniona wananitikisia kichwa kutoka mbali. Najua hesabu zako zimefika. Sitauliza. Tazama, nimeuliza.

Habari za huku ni ndogo. Mhariri alikuja Jumanne, bado amenuna, akasema kuna kiwanda kinachochapa vitabu vya kukunja, vya karatasi moja ndefu, na je, huo mstari wangu unaweza kupunguzwa. Nikamwambia utapunguzwa siku watoto watakapompata yule mama. Akanitazama, akaomba chai. Nadhani ni dalili njema.

Yeyote atakayepata nafasi aniandikie. Hata neno moja. Hapana, si neno moja. Niandikieni vizuri.

Kaka yako

*

11 Julai

Mjomba,

Baba ndiye anaandika, mimi ndiye nasema. Mama amelala, ameambiwa asiinuke inuke mshono utamuuma. Amesema atalala wiki na kweli analala.

Mtoto amekuja Ijumaa. Ni wa kike. Nimemkagua mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kitandani, mkunga ameniwekea mto. Ni mtu. Analia kwa sauti kubwa kuliko mimi, baba anasema hilo haliwezekani.

Sasa nakwambia kitu. Mguu wake wa kulia, vidole viwili vimeshikana. Si vyote, ni cha pili na cha tatu, vina ngozi katikati mpaka nusu. Mkunga alipofungua kitambaa wote tukaona. Mama akanitazama mimi. Baba akanitazama mimi. Mkunga naye akanitazama, sijui nani alimwambia.

Nikawaambia wasiogope. Ni kidogo tu. Watoto huwa wanatoka hivyo, wanafanana na mama yao halafu kuna kidogo tu. Mimi nina sikio moja limesimama, mama hana. Huyu ni wa kwetu. Mama akacheka akalia, halafu akasema mshono unauma, tuache kumchekesha. Mkunga amesema vidole hivyo havina madhara, atatembea vizuri.

Mjomba, nataka utuchore sisi. Mstari mfupi. Kwanza mama, halafu mimi, halafu yule mdogo wangu wa kwanza, halafu huyu. Baba anasema yule hana picha. Nimemwambia wewe unaweza kuchora hata waliokufa zamani kuliko yeye, na wale hukuwaona kabisa.

Nimemaliza. Baba anasema na yeye ana lake, nimtoke begani.

Chiriku

*

Shemeji,

Salamu. Mimi kuandika si kazi yangu, utanivumilia.

Umeagizwa picha, na aliyemwona yule mwanetu aliyefariki ni mimi peke yangu, kwa hiyo nakupa maelezo. Hapa nilipokaa dada yako ameamka, ananisikiliza ninavyojisomea kwa sauti. Ni mara ya kwanza anasikia.

Nilikuwa naye kama dakika arobaini. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja kama amechanwa. Nyusi hazijakolea, hafifu tu. Pua ni yangu, bahati mbaya. Kidevu ni cha dada yako, kile chenye kibonyo. Alikuwa ameshika kidole changu hiki cha shahada, na nguvu alikuwa nazo, shemeji, usimchore mnyonge.

Shemeji yako